Waya Uliowekwa Ili Ukatike: Historia ya Fyuzi ya Gari hadi Kagera

Sanduku la fundi umeme wa magari aliyezeekea kazini Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, huwa na fyuzi za vizazi vitatu. Chini kabisa kuna vibomba vya kioo vyenye vifuniko vya chuma huku na huku, vingine vimeingia weusi ndani. Juu yake kuna vipande vya kauri vilivyochongoka ncha zote mbili, vikiwa na utepe wa chuma unaopita kwa nje. Hivyo ni vya Volkswagen na ndugu zake wa Ujerumani. Za juu kabisa ndizo za kila siku: plastiki ndogo za rangi zenye miguu miwili bapa, nyekundu, buluu, njano na kijani. Na pembeni, mara nyingi, kuna kibunda cha waya wa shaba uliochunwa.

Waya huo wa shaba ndio wenye kisa kirefu, kwa sababu ndio unaoziba pengo la vizazi vyote vitatu. Fyuzi ina kazi moja tu: kukatika kabla nyaya nyingine hazijaungua. Wenye magari wengi huamini iliwekwa ilinde taa, redio au honi. Sivyo. Inalinda nyaya zilizofichwa nyuma ya dashibodi na chini ya zulia, pale ambapo jicho halifiki na mkono haupenyi. Taa ikiungua, hununuliwa nyingine kesho yake. Kitita cha nyaya kikishika moto, mara nyingi gari lenyewe limekwisha.

Jinsi jambo jepesi kama hilo lilivyokuja kupuuzwa na watu wenye akili timamu, madereva na mafundi hodari, ni habari inayoanzia mbali na Kagera na kumalizikia hapa hapa.

1841 hadi 1890: radi, joto na bati

Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alionyesha kwamba joto linalozalishwa na umeme ndani ya waya haliongezeki sambamba na mkondo wake. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto ni mara tisa. Sheria hiyo inaeleza kwa nini nyaya za gari hazitoi onyo la kutosha. Waya uliokuwa vuguvugu asubuhi unaweza kuyeyusha ngozi yake ya plastiki mchana, ilhali kilichoongezwa kinaonekana kidogo.

Waliohitaji kinga kwanza walikuwa watu wa telegrafu. Radi ilipopiga nyaya za nje iliingia hadi kwenye vyombo vya ofisini na kuviharibu. Mwaka 1847 Louis Breguet, mtengenezaji wa saa na vyombo vya umeme wa Paris, alishauri kipande cha waya mwembamba kiwekwe njiani kabla ya chombo. Radi ikija, waya huo ungeyeyuka na chombo kingesalimika. Ndani ya ushauri huo mna wazo zima la fyuzi: unachagua mwenyewe mahali pa kuharibika, na unapachagua pale ambapo uharibifu ni wa bei rahisi.

Thomas Edison alipoanza kuuza mwanga wa umeme mijini, alijua kwamba moto mmoja katika nyumba ya tajiri ungeizika biashara yake. Mei 4, 1880 alipewa hataza ya kile alichokiita kipitishio cha usalama cha taa za umeme. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 William Preece, mhandisi wa posta ya Uingereza, alikaa na nyaya za madini mbalimbali akipima kila moja inayeyuka kwa mkondo upi. Vipimo vyake vinastahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila gereji. Waya wa bati wenye unene wa milimita 1 huyeyuka kwa ampea 13 hivi. Wa shaba, unene ule ule, hustahimili hadi ampea 80. Msumari wa chuma wa milimita 3 huhitaji karibu ampea 130.

Anayetoa fyuzi ya ampea 15 na kuweka waya wa shaba “unaofanana nayo” hajaweka fyuzi nyingine. Ameiondoa.

1890 hadi 1948: gari linapata umeme, ziwa linaleta gari

Mwaka 1890, Edison akiwa tayari na vituo vya umeme, Emin Pasha aliweka kambi ya Wajerumani kando ya Ziwa Viktoria, ikawa mwanzo wa mji wa Bukoba. Magari ya kwanza ya dunia, yaliyokuwa na umri wa miaka michache tu wakati huo, hayakuwa na la kufanya na fyuzi. Injini ilizungushwa kwa mkono, cheche ya mengi yaliyofuata ilitoka kwenye mashine ndogo isiyohitaji betri, na taa zilizokuja baadaye ziliwaka kwa gesi ya kabaidi.

Chombo cha umeme kilicholeta makubwa Bukoba katika enzi hiyo hakikuwa gari bali mtambo wa redio wa Wajerumani. Juni 1915 askari wa Kiingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana siku mbili na kuulipua.

Mabadiliko kwenye magari yalikuwa yameshaanza Marekani. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Stata ilihitaji betri kubwa. Betri ilihitaji dinamo ya kuichaji. Na betri ikishakuwamo, kila mtu aliona sababu ya kuongeza kitu. Taa za umeme, honi, waipa, kisha redio. Betri ya gari hutoa mamia ya ampea kwa mara moja ili kuamsha injini, na nguvu hiyo hiyo haichagui njia. Waya wa taa ya nyuma ukigusa bodi, betri itatapika yote iliyo nayo kupitia waya huo mwembamba.

Hapo ndipo vibomba vya kioo vilipoingia. Ndugu wa ukoo wa Bussmann walikuwa wameanza kutengeneza fyuzi mjini St. Louis mwaka 1914, na mwaka 1927 Edward Sundt alianzisha Littelfuse mjini Chicago, akianza na fyuzi ndogo za kulinda vyombo vya kupimia. Marekani ilitengeneza pia aina ya fyuzi za magari ambazo urefu wa bomba uliongezeka kadiri ampea zilivyoongezeka. Fyuzi ya ampea 20 haikuingia kwenye nafasi ya ampea 9 hata ukiilazimisha. Waliobuni mpango huo walimjua binadamu vizuri: walidhani, na hawakukosea, kwamba fyuzi ikikatika usiku njiani dereva ataweka yoyote iliyo mfukoni.

Waingereza hawakuufuata. Bomba lao lilikuwa la urefu mmoja kwa ampea karibu zote, na magari yao ndiyo yaliyokuja Tanganyika. Hadi Bukoba yalifika kwa ziwa. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901 na ile ya kutoka Dar es Salaam ikafika Mwanza mwaka 1928; kutoka bandari hizo mbili mizigo ilipakiwa melini. Gari liliweza kusafiri hivyo bila shida. Spea yake ilisafiri hivyo hivyo, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kitu cha senti chache kilichokosekana Bukoba kilikuwa ng'ambo ya maji, siku kadhaa mbali.

1948 hadi 1976: kahawa, Land Rover na fyuzi mbili

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948 kwenye maonyesho ya Amsterdam. Miaka miwili baadaye, mwaka 1950, wakulima wa kahawa wa Bukoba walipata chama kikuu chao cha ushirika, BNCU, mzazi wa KCU ya leo. Mambo haya mawili yalikutana barabarani. Bei ya kahawa duniani ilikuwa nzuri mwanzoni mwa miaka ya 1950, na robusta ya Wahaya ilihitaji kutoka vijijini hadi kwenye viwanda vya kukoboa na bandarini. Malori ya Bedford na Land Rover za watawala, wamisionari na ushirika zilipita kwenye barabara za udongo mwekundu ambazo mvua ilizigeuza utelezi.

Mvua yenyewe ni sehemu ya habari hii. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Unyevu huo hula shaba na bati. Kishikilia fyuzi kikiota ukungu wa kijani, mkondo hupita kwa shida, mahali hapo panapata joto, na taa hufifia ingawa fyuzi ni nzima. Fyuzi za kauri za Volkswagen ziliteseka zaidi kwa sababu utepe wake uko nje. Wenye Volkswagen aina ya Kobe walijifunza tiba ya haraka: kuizungusha fyuzi kwa vidole pale pale kwenye kishikilia chake mpaka taa irudi.

Land Rover ya miaka ya 1960 ilikuwa na kisanduku kidogo cha Lucas chenye fyuzi mbili zinazofanya kazi. Mbili! Moja ilihudumia vitu vinavyowaka muda wote, nyingine vile vinavyowaka ufunguo ukifunguliwa. Taa kubwa za mbele hazikupita kwenye fyuzi yoyote, wala waya wa koili inayoipa injini cheche. Wahandisi walikuwa na hoja yao: dereva anayeshuka mlima gizani asizimikiwe na taa zote kwa ajili ya shoti moja ndogo. Ni hoja inayoeleweka, lakini iliuacha waya mrefu, unaopita karibu na injini, matope na ncha za bati, bila mlinzi. Waingereza wenyewe walimtania Joseph Lucas, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya Birmingham, kwa kumwita Mkuu wa Giza.

Kulikuwa na mtego mwingine, mdogo kwa macho. Fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 ilimaanisha itakatika ikifikia ampea 35. Mkondo ilioweza kuubeba safari nzima ulikuwa 17 tu. Wajerumani waliandika kinyume: 16 kwenye fyuzi nyekundu ya kauri ilikuwa namba ya kubeba, si ya kukatika. Fundi aliyehudumia Land Rover asubuhi na Volkswagen mchana, akiamini namba ni namba, angeweza kuweka fyuzi yenye nguvu maradufu bila kujua. Hakuna kitabu cha gari kilichomwonya, kwa sababu kila kitabu kilijua gari lake tu.

1977 hadi 1984: miaka ya karatasi ya sigara

Kama kuna wakati fyuzi ya gari ilipoteza heshima Kagera, ni huu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Njia ya zamani ya Kisumu, iliyowaletea watu wa Bukoba bidhaa kwa miongo saba, ilikatika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilijibu kwa vita iliyofika Kampala Aprili 1979. Serikali ilichukua malori na mabasi ya raia, ya mashirika na ya watu binafsi, kubeba askari na mizigo, na yaliyorudi yalirudi yamechoka. Mkoa uliojulikana kama Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera mwaka huo huo wa 1979. Kisha ikaja bei mpya ya mafuta duniani, na hazina ya fedha za kigeni ikakauka.

Bila fedha za kigeni hakuna spea. Matairi, betri, mikanda ya feni, plagi, vyote vilikuwa vya kusaka. Kilichopatikana kilipatikana kwa magendo, na mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwakamata waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, hata hicho kidogo kikajificha. Katika hali kama hiyo nani angetafuta fyuzi? Gari lilikuwa na shida kubwa zaidi kumi.

Basi mafundi walitengeneza za kwao. Waliokuwa waangalifu walichukua kibomba kilichokatika, wakafungua kifuniko kwa moto, wakapitisha uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya wenye nyuzi nyingi, wakaziba. Uzi wa robo milimita huyeyuka karibu na ampea 10 kwa hesabu ya Preece, kwa hiyo kazi hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo. Wasiokuwa na muda walizungushia fyuzi ile iliyokufa karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Wasiokuwa na sigara waliweka msumari.

Tabia hiyo ilikuwa na mwalimu mwingine nyumbani. Masanduku ya umeme ya zamani yalikuwa na vishikilio vya kauri ambavyo mwenye nyumba alivirudishia waya mwenyewe kila ulipokatika. Kuweka waya badala ya fyuzi kulikuwa jambo la kawaida, na unene wake ulikisiwa kwa jicho. Tofauti ni kwamba umeme wa Tanesco uliogopwa, wa gari haukuogopwa. Volti 230 humrusha mtu; volti 12 unaweza kuzishika kwa mikono miwili usisikie kitu. Watu wakahitimisha kwamba umeme wa gari ni mpole. Hesabu inasema vingine. Balbu ya nyumbani ya wati 100 huvuta chini ya nusu ampea. Taa moja ya gari ya wati 55 huvuta ampea 4.6, na zote mbili zaidi ya 9. Anayechoma waya ni ampea, na ampea ziko kwenye gari.

Ajali ya namna hiyo ilikuwa na mwendo wake. Tuseme lori linatoka Muleba na ndizi. Waya wa taa za nyuma unapita kwenye tundu la bati, na mpira uliokuwa ukiukinga umekwishapasuka. Kila lori likidunda kwenye shimo, waya unagusa bati, fyuzi inakatika. Dereva anabadilisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa macho yake fyuzi ndiyo mbovu: kila akiweka, inaungua. Tanboi analeta karatasi ya sigara. Shimo linalofuata halikati kitu tena. Taa zinapepesa kidogo, halafu harufu ya mpira unaoungua inaingia kwenye kebini, halafu moshi mweupe unatoka nyuma ya dashibodi. Nyaya zote hufungwa pamoja katika kitita kimoja. Ule wenye shoti unapowaka huyeyusha ngozi ya jirani zake, nazo zinagusana, na sasa kuna shoti kumi. Mwenye bahati anawahi kuchomoa betri.

Mafundi wenye subira walikuwa na dawa isiyohitaji fyuzi nyingi, na bado inatumika. Wanatoa fyuzi iliyokatika na mahali pake wanaunga balbu ya indiketa ya wati 21. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote, lakini haipitishi zaidi ya ampea 1.75 au karibu na hapo, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Fundi anaanza kutikisa nyaya, anachomoa soketi moja baada ya nyingine, anainua zulia. Balbu inapozimika ghafla amefika penyewe. Wengine humaliza kazi hiyo kwa dakika 20, na fyuzi mpya huwekwa ya mwisho kabisa, shoti ikiwa imeshatolewa.

1984 hadi 1999: plastiki za rangi

Wakati Tanzania ikihangaika na vibomba vya kioo, Marekani ilikuwa imevitupa. Mwaka 1976 Littelfuse ilitoa fyuzi ya miguu bapa, yenye mwili wa plastiki na kipande cha madini ndani kilichopinda, na General Motors wakaanza kuitumia kwenye magari yao ya mwaka uliofuata. Haikuwa na kioo cha kupasuka wala vifuniko vya kulegea. Ilikaa imara kwenye kishikilia chake kwa miguu yote miwili, ikastahimili mtikisiko, na mtu aliweza kuona kwa jicho kama imekatika.

Rangi zilisema ampea: kahawia hafifu 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30. Mtu asiyejua kusoma aliweza kubadilisha nyekundu kwa nyekundu. Kwa maoni ya wengi huo ulikuwa ubunifu mkubwa kuliko wote. Lakini kuna kitu kilichoachwa njiani. Zile fyuzi za Marekani za zamani zilimzuia dereva kwa urefu wake. Hizi zote zina ukubwa mmoja, na ya ampea 30 inaingia bila shida kwenye nafasi ya ampea 10. Watengenezaji waliacha kumzuia dereva, wakaamua kumwamini.

Kipimo chake kilikuwa sahihi pia. Fyuzi nzuri ya aina hii ikipewa asilimia 110 ya namba yake inatakiwa ivumilie saa 100. Ikipewa mara mbili, iwe imekatika ndani ya sekunde 5. Ucheleweshaji huo mdogo una maana yake: mota ya waipa au ya feni inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi, na fyuzi yenye haraka ingekatika kila mvua ikianza. Stata yenyewe haikupewa fyuzi hizi, kwa kuwa mkondo wake unapita wa vifaa vingine vyote. Kwa njia kuu za betri, Wajapani waliweka kipande maalumu cha waya chenye unene mdogo kuliko ule unaolindwa, kisha baadaye fyuzi kubwa za kufungwa kwa skrubu.

Kagera ilizipata kwa mlango wa sera. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu Watanzania kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais mwaka 1985, milango ilifunguka zaidi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984, ikawa gari la miradi, hospitali na serikali. Katika miaka ya 1990 zikafuata Hiace na saluni zilizokwishatumika Japani. Ndani ya miaka 15 hivi fyuzi ya kioo iligeuka kitu cha kubakia kwenye Land Rover za misheni na malori ya wazee.

Uhaba ukaisha. Waya wa shaba haukuisha.

Hapo ndipo mtu anapaswa kujiuliza. Karatasi ya sigara ya mwaka 1982 ilikuwa na udhuru. Lakini fundi aliyejifunza kazi miaka hiyo alifundisha wengine, na waliofundishwa walirithi dawa bila ugonjwa. Fyuzi sasa ilipatikana dukani, kwa njia ya Mwanza na Dar es Salaam, na zaidi kwa njia ya mpaka wa Mutukula, kwani Kampala iko mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Bukoba wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 1,400. Bado kijana wa gereji alifika na kipande cha waya mkononi, kwa sababu ndivyo alivyoona kazi ikifanywa.

Tangu 2000: vitu vingi, nafasi chache

Lami ilipounganisha Mutukula, Bukoba na Muleba katika miaka ya 2000, magari yaliongezeka na umeme ndani yake ukaongezeka zaidi. Land Rover ya fyuzi mbili imekabidhi zamu kwa Toyota Noah yenye fyuzi kwa makumi, katika visanduku viwili au zaidi: kimoja chini ya usukani, kingine kando ya betri. Kwenye mfuniko kuna ramani, mara kwa Kijapani, mara kwa vifupisho vya Kiingereza: TAIL, GAUGE, EFI. Dereva wa mchomoko anayebeba abiria wa vijiji kama Kaagya hana haja ya kujua maneno hayo yote, ila EFI ni vizuri alijue. Ikikatika, injini haipati amri ya kumwaga mafuta, na gari linazima kimya, betri ikiwa nzima.

Kinachounguza magari siku hizi mara nyingi hakikutoka kiwandani. Ni spika kubwa, taa za LED za rangi, taa za ziada kwenye bampa, king'ora cha kuzuia wizi, chaja za simu za abiria. Mwenye gari anataka vyote viwake leo. Fundi anachukua moto kwenye waya ulio karibu, na fyuzi ya waya huo, iliyopimwa kwa taa ya ndani peke yake, inakatika jioni ile ile. Nyekundu inatolewa, kijani inawekwa. Ndiyo karatasi ya sigara ya zama za plastiki, tena inaonekana safi, kwa hiyo hakuna anayeishuku. Askari wa usalama barabarani atauliza mtungi wa kuzimia moto na pembe tatu za tahadhari. Kisanduku cha fyuzi hakifunguliwi.

Njia sahihi si ngumu wala si ghali: kifaa kipya kipewe waya wake kutoka betri, fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri, na relei ibebe mkondo ili swichi ya dashibodi ibaki na kazi ya kuamrisha. Fyuzi ikiwekwa mwisho wa waya, karibu na taa, kipande chote kilichotangulia kinabaki uchi kama taa za Land Rover ya 1965. Bodaboda wameuelewa mpango huu kuliko wenye magari. Kwenye pikipiki nyingi kutoka India fyuzi kuu ni moja, imekaa karibu na betri, na ikikatika taa na honi hufa mara moja. Hakuna nafasi ya kujidanganya, na wengi hutembea na ya akiba.

Baadhi ya magari mapya yanaelekea kuiacha fyuzi ya kuyeyuka. Tesla ilipotoa Model 3 mwaka 2017, fyuzi nyingi za kawaida ziliondolewa. Mahali pake pana swichi za kielektroniki zinazopima mkondo, kukata, kisha kuruhusu tena kwa amri ya kompyuta. Hakuna kipande cha kuyeyuka, na hakuna nafasi ya kuchomeka msumari.

Kagera ina shida ya karibu zaidi: fyuzi zisizokatika. Masoko yamejaa pakiti za bei rahisi ambazo rangi yake ni sahihi, namba yake ni sahihi, lakini madini ya ndani ni mazito kupita namba. Hata Marekani fyuzi za namna hiyo zimewahi kurudishwa kutoka madukani. Mita haizigundui, kwani fyuzi nzima na fyuzi ya bandia zote husomeka zimeunganika. Baadhi ya mafundi hutoa moja kwenye pakiti na kuichoma kwa makusudi kwenye betri ya zamani, wakiwa wamevaa glovu na kuishika kwa koleo. Nyekundu ya ampea 10 ikikatika papo hapo, tisa zilizobaki zinaingia sandukuni. Ikianza kung'ara na plastiki yake kulainika huku mkondo ukiendelea kupita, pakiti hiyo hurudishwa dukani siku ile ile.